Baiskeli ya Mama Mkwe

Nimetengeneza baiskeli nyingi maishani na nyingi nimezisahau. Ya mama mkwe sitaisahau. Hata leo nikikumbuka nilivyosimama pale uwanja wa zahanati nimeshika usukani kwa mikono miwili, masikio huniwaka moto, na huwa nainuka kwenda kutafuta kazi ya kufanya, hata kama ni kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na kibanda cha mabati mjini Machakos, upande wa chini wa soko, na kazi yangu ilikuwa kuunda baiskeli upya. Mitumba ilikuwa haiji tena nguo na viatu peke yake. Zilikuja hata baiskeli za ng'ambo, nyepesi, nzuri kwa macho, lakini zimezoea lami. Ukiipeleka hivyo hivyo vijijini Mwala, miiba ya migunga inakumalizia tairi kabla hujafika sokoni. Zile nyeusi za Kihindi tulizozaliwa tukazikuta zilikuwa ngumu kama shoka, sawa, lakini kupanda nazo kilima cha Iveti ni adhabu ya mtu aliyekosa. Basi mimi nilizioanisha. Fremu ya mtumba, gurudumu la nyuma lenye spoku nene za ile nyeusi. Gia za nyuma naziacha, za mbele nazing'oa, maana huku zingekaa kujaa mchanga tu. Ndani ya tairi nilitandika tyubu kuukuu niliyoipasua, ili mwiba ukipita ukutane nayo kwanza.

Wateja waliuliza hii inaitwaje, nikawaambia ni haibridi. Wakacheka. "Haibridi kama mbegu ya mahindi? Tuipande lini?" Mimi sikucheka nao. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu sikupenda ichezewe.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa pale mjini, babu yake alikuja kutoka pwani zamani na bidhaa zake akakwama huku kwa mapenzi. Kiswahili cha jirani kilinyooka kuliko changu na alilijua hilo vizuri. Alikaa mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, akinitania tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akaendelea pale alipoachia. Nilimpenda, ingawa sikuwahi kumwambia.

Jioni moja mke wangu alirudi kutoka kwao Mwala. Hata mzigo hajautua, akasema, "Mama anataka baiskeli."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Kwani niko na mama wangapi?"

Nilifikiri ananitania. Mama yake alikuwa mjane, mama mtu mzima mwenye wajukuu, na siku zote za nguvu zake alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa upande ule walipokewa na mikono yake. Halafu zahanati ikajengwa, wanawake wakaambiwa wajifungulie huko, na hakuna aliyemtukana wala kumkataza. Waliacha tu kubisha mlango wake. Mke wangu alisema mama yake alianza kulala mchana, na hilo lilimtia hofu kuliko ugonjwa.

Sasa muuguzi wa zahanati alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kuzunguka kwa maboma: kuwaangalia wagonjwa wa kifua wakimeza dawa, kuwapima watoto, kuwahimiza wenye mimba waje mapema. Boma kwa boma kule ni mwendo. Muuguzi alisema anayetaka kazi hiyo aje Alhamisi ya wiki iliyokuwa inafuata, juu ya baiskeli yake, aiendeshe mbele yake. Waliojitokeza walikuwa wawili, mama mkwe na msichana mmoja aliyekuwa amemaliza sekondari.

"Asipokuwa na baiskeli siku hiyo, kazi ni ya msichana," mke wangu akasema. "Na akikosa hii, mama atakaa jikoni mpaka afe."

"Anajua kuendesha?"

"Alijifunza akichunga mbuzi, baiskeli ya kaka yake. Alikuwa anapitisha mguu chini ya bomba."

Nilifurahi. Haki nilifurahi. Kisha nikaanza kufikiria kazi yenyewe, na furaha ikaniishia mikononi.

Mtu asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake, sisi Wakamba tuko na kitu tunakiita nthoni. Sema ni aibu, sema ni haya, sema ni heshima, yote ni kweli. Kuna nyumba ambazo wokovu na mambo ya mji yameilegeza, mkwe anamshika mama mkono na kumuuliza habari ya mvua. Kwa kina mke wangu haikulegea hata uzi mmoja. Tangu nioe sikuwahi kukaa benchi moja na yule mama. Sikuwahi kutafuna kitu akiniona. Nikiwa na neno kwake, namwambia mke wangu, na mama mwenyewe yuko pale jikoni anasikia yote. Mke wangu analirudia neno kwa neno, naye anajibu kwa mke wangu, na mimi nasubiri jibu ambalo nimeshalisikia. Uso wake niliujua wa upande. Cheka ukitaka, mimi nilijivunia. Huko Mwala kulikuwa na wakwe wenye mashamba na magari waliosemwa vibaya, na mimi wa grisi nikasifiwa.

Lakini baiskeli inapimwa mguuni. Kila mteja nilimsimamisha wima, nikamwekea ubao katikati ya miguu mpaka unapogota, nikapima. Baadaye namkalisha juu, nimeshika baiskeli, anaweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unatakiwa unyooke. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatamlilia. Kikiwa juu, kiuno kitacheza huku na huku, na siku akisimama ghafula hatapata ardhi. Sasa mama mkwe nimpime wapi? Nimwite kibandani, asimame mbele yangu, atanue miguu? Ngai mwema! Hata kwa kuliwaza tu niligeuza uso.

"Chukua uzi," nikamwambia mke wangu, "ukampime mguu."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Ndipo nikakwama. Maneno yalikuwepo. Na wanaume wenzangu niliyasema kila siku na mizaha juu yake. Lakini huyu ni mke wangu na tunamzungumzia mama yake.

"Kutoka chini," nikasema.

"Mpaka?"

"Mpaka juu."

"Juu wapi?"

"Ala! Juu ni juu! Wewe hujui mguu unaishia wapi?" Nilipandisha sauti, kama nifanyavyo nikishindwa na jambo. Akauweka uzi kwenye kibeti.

Uzi ulirudi na fundo. Niliunyoosha sakafuni nikashangaa.

"Mama yako ni mrefu hivi?"

"Ndivyo alivyojipima," akasema, macho kwenye sufuria.

"Amejipima mwenyewe?"

"Sasa ulitaka nimpime mimi? Mama yangu mzazi?"

Kesho yake fundi cherehani aliuona ule uzi kwenye meza yangu. Akaunyanyua, akauweka sambamba na tepu yake, akanitazama juu ya miwani.

"Bwana we, huyu bibi ni twiga?"

"Uache."

"Mimi napima wanawake mchana kutwa, hiki si kipimo cha mguu. Hiki kimeanzia kiunoni, tena juu ya leso. Mlete hapa, mke wangu atampima ndani, mlango umefungwa, wala wewe hutajua lini ameingia na lini ametoka."

"Nimesema uache!"

"Mficha uchi hazai, bwana fundi."

Nikampokonya uzi. Nikamwambia mila za watu hazipimwi kwa tepu ya cherehani, nikaongeza na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Akainua mikono. "Yaishe, yaishe," akasema, akarudi kwenye mashine yake, na siku hiyo hakunitania tena.

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimejua tangu usiku. Mama mkwe alijua uzi ule utaishia mikononi mwa nani. Angewezaje kumtumia mkwe wake uzi unaoonyesha miguu yake inakutana wapi? Akafunga fundo mahali penye staha. Na mimi kuurudisha ilikuwa sawa na kusema, mama, umedanganya, shusha kidogo. Singeweza. Nikaufuata uzi wake, nikapunguza upana wa kidole gumba ili dhamiri ipate usingizi.

Kwa mengine yote sikuibania ile baiskeli kitu. Fremu ya kike, ya kijani, bomba lake limeinama ili mwenye sketi apite bila kuinua mguu sana. Usukani niliupasha moto nikaupinda urudi nyuma, akae wima kama mama mwenye nyumba. Gurudumu la nyuma nililifuma wavu wa nailoni pande zote mbili, leso isije ikamezwa na spoku. Keria nilimpa mwenzangu wa kuchomelea ainyooshe kwa nondo, pana, ya kubeba sanduku la dawa. Kiti nilikitafuta kipana chenye springi. Kilikuwa na lile shikio la kigeni la kufungulia kwa mkono, nikaling'oa kwa sababu sokoni viti huibwa, nikatia nati na kuikaza mpaka mishipa ikanisimama.

Jumapili tuliipakia juu ya basi, mke wangu na mimi, tukaipeleka. Niliiegemeza kwenye ghala la mahindi. Mama mkwe alikuja mpaka mlango wa jikoni, leso kichwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwambie asante. Mungu aibariki mikono yake."

"Mama anasema asante, Mungu aibariki mikono yako."

"Mwambie ni kitu kidogo tu."

"Anasema ni kitu kidogo."

Kisha tukabaki tumeitazama baiskeli, na kila mmoja alijua tunangoja nini. Fundi yeyote hapo angesema, haya mama, panda tuone. Yeye asingepandisha mguu mimi nikiwa ndani ya boma, na mimi sikuwa na kinywa cha kumwomba. Nikanywa chai yangu nimeupa mlango wa jikoni mgongo, nikaaga kupitia kwa mke wangu, nikarudi na spana yangu mfukoni. Sijawahi kumkabidhi mtu baiskeli bila kumwona ameikalia. Hata walevi nawakalisha.

Nikajiambia, kukiwa na shida ataleta neno. Neno halikuja. Kimya kile nikakihesabu kuwa sifa.

Alhamisi tulifika zahanati mapema. Uwanja ulikuwa umejaa, wanawake na watoto wa kliniki, wazee waliokuja kuona tu. Mke wangu alienda kukaa barazani na mtoto wetu mgongoni. Mimi nilibaki kwenye ua pamoja na wanaume, kama inavyotakiwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyeletwa na serikali kutoka upande wa Mlima, mchapakazi, asiyejua nthoni wala kuwa na wakati wa kuijua. Msichana aliendesha kwanza. Aliyumba kidogo, akazunguka, akashuka, akapigiwa makofi.

Halafu tukasikia kengele kutoka barabarani.

Lo! Mama mkwe aliingia amekaa wima, leso imefungwa kifuani, macho mbele, kengele inalia kama ya harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Moyo wangu ulijaa mpaka nikatabasamu na mtu nisiyemjua. Kisha nikaangalia kama fundi. Kila akikanyaga, mwili mzima ulielemea upande mmoja, halafu upande wa pili, na pedali alizigusa kwa ncha za vidole.

Muuguzi akatoka mbele, akainua mkono. "Simama hapo hapo, mama."

Akashika breki. Baiskeli ikasimama pale pale, maana breki zile nilizitengeneza mwenyewe. Akanyoosha mguu kutafuta ardhi, na ardhi haikuwepo. Akaanguka kwa ubavu, sketi ikapanda, leso ikamfunika kichwa, na uwanja wote ukacheka kile kicheko cha watu wengi ambacho hakina mwenyewe.

Aliangukia upande wetu wa ua, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilikimbia, sikuwaza kitu. Nilimfikia yuko chini, mguu mmoja uko chini ya fremu, amejitoa leso usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake tukaangaliana macho kwa macho. Mikono yangu ilinyooka. Ikashika baiskeli. Niliinyanyua kutoka juu yake, nikageuka, nikampa mgongo, nikasimama nimeshika usukani nikikagua gurudumu la mbele. Hata nikalizungusha kuona kama rimu imepinda, na nyuma yangu mama mkwe anahema akijiinua peke yake.

"Ameokota baiskeli!" mtu akapaza sauti kwenye ua. "Mama ameachwa, baiskeli imeokolewa!"

Wengine walikaa chini kwa kucheka. Kimila sikuwa na kosa, na hakuna mzee ambaye angenitoza hata kuku. Lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Hiki kiti kimewekwa na nani?" muuguzi akauliza. Nikatazama rimu. "Mama, pole. Lakini siwezi kukupa dawa za watu uanguke nazo mtoni." Akaanza kumgeukia msichana.

"Sista, kiti kinashuka," mke wangu akasema kutoka barazani. "Fundi yuko. Ni huyo ameshika baiskeli."

"Basi ashushe sasa hivi, niko na watu wa kuhudumia. Na mama akalie apimwe, si kubahatisha."

Minong'ono ikapita. Akalie, na mkwe yuko hapo? Muuguzi hakuelewa wanachonong'ona. Walioelewa ni wanawake. Bila mtu kuwaambia, walifungua leso zao wakazizungusha kama ukuta, mama mkwe na baiskeli ndani, mke wangu akaingia kumshikilia. Mimi nilichuchumaa nje. Walichoniachia ni nafasi ya chini tu, naona pedali, mnyororo na mguu mmoja. Nati ya kiti niliitafuta kwa kupapasa, mkono wenye spana, ambayo hainitoki mfukoni, umepita kati ya leso mbili, macho nimeyafumba.

"Mwambie ashuke kwanza nilegeze."

"Mama, anasema ushuke alegeze."

"Nimeshuka."

"Ameshuka."

Watoto walikuwa wanapiga magoti kuchungulia chini ya leso na mama zao wanawafukuza. Nilishusha kiti, nikakaza kidogo, nikamwambia mke wangu amwambie akalie tena, aweke kisigino kwenye pedali. Kikashuka kisigino, ndani ya kiatu cha raba kilichotoboka. Ilibidi niangalie. Mguu ulinyooka sawasawa, kama kitabuni.

Damu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye muundi na kuingia kiatuni. Hiyo niliitarajia. Nisilolitarajia ni vidonda vingine. Kulikuwa na vilivyokauka vyeusi, vilivyoanza kupona, na karibu na kifundo uvimbe uliogeuka rangi na kufungwa kitambaa. Na mimi nilivijua kila kimoja, hiki ni meno ya pedali, hiki ni mnyororo, hiki ni pale fremu inapomwangukia mtu. Huyu mama alikuwa ameanguka Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano. Ameanguka kila siku kutoka kwenye kiti changu na hakuleta neno. Nikakaza nati, nikasimama, sikujua niupeleke wapi uso wangu.

Leso zikatawanyika. Akaendesha tena, akazunguka uwanja, muuguzi akainua mkono, akashika breki na kukanyaga ardhi kama mtu aliyefika kwake. Vigelegele vikarudi. Muuguzi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamkalisha barazani amwoshe damu, na hapo ndipo alipoinua pindo la sketi.

"Mama. Hiki ni cha leo. Na hivi?"

Mama mkwe akatazama langoni.

"Hivi ni vya siku kadhaa. Wewe unaanguka kila siku? Niambie ukweli. Kama ni umri, hata kiti kishushwe hakitakusaidia."

"Ni kuni," mama mkwe akasema, akilivuta pindo chini. "Nilikwenda kuni, nikaingia miibani."

"Miiba haifanyi hivi."

"Ni kuni."

Muuguzi akashusha pumzi, akamtazama msichana aliyekuwa amesimama na baiskeli yake. Nikaiona kazi inaondoka. Yule mama alikuwa tayari kurudi jikoni kulala mchana kuliko kutamka kwamba ameangushwa na kiti cha mkwe wake. Hasira ikanipanda, ile ile ninayoijua, lakini safari hii haikupata wa kumwangukia ila mimi.

"Si kuni!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni kiti. Ni mimi nilikiweka. Umri wake haumo, hata wewe sista ungeanguka."

"Na wewe si fundi? Mbona hukupima?"

"Nilipima kwa uzi. Uzi ulianzia kiunoni."

"Kwani baiskeli inapimwa kiunoni?"

"Hapana. Inapimwa kutoka kwenye unyayo mpaka hapa." Nikaonyesha kwa mkono, kwenye suruali yangu mwenyewe, mbele ya wazee, mbele ya watoto, mbele ya wanawake wa kanisa lake. "Na mimi singemwambia mtu ampime hapo. Huyu ni mama mkwe wangu."

Waliokuwa bado wakicheka wakaacha. Wazee wakaanza kuzichunguza fimbo zao. Muuguzi akashika pamba akaendelea kumwosha. Mama mkwe aliivuta leso kichwani mpaka uso ukapotea wote, na kutoka huko ndani akamwambia binti yake, kila neno likisikika uwanja mzima:

"Mwambie mume wako anyamaze. Amesema ya kutosha."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema unyamaze. Umesema ya kutosha."

Nikanyamaza. Muuguzi alimaliza kumfunga bendeji, akaingia ndani, akatoka na sanduku la dawa, akaliweka juu ya keria bila hotuba. "Kesho asubuhi, mama, usichelewe." Wanawake wakalifunga kwa mpira. Mama mkwe akapanda, akapita langoni wima, kiuno kimetulia, wala hakutazama upande niliokuwa. Msichana naye akaenda zake akiisukuma yake.

Tulikwenda kungojea basi, mke wangu mbele na mimi nyuma. Tulipofika kituoni ndipo nikauliza mbona mama hakupeleka hata kwa fundi wa pale sokoni, kushusha kiti ni kazi ya kufumba na kufumbua.

"Alikataa isiguswe na mtu mwingine. Watu wangesema kazi ya mkwe wake imerekebishwa hata wiki haijaisha."

"Amekwambia lini?"

"Sasa hivi, tukiwa ndani ya leso. Alininong'oneza, akaniambia nisikwambie. Alisema ukijua utaona aibu."

Basi lilikuwa linakuja, vumbi limetangulia. Mke wangu alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Na wewe mbona umeniambia?"

"Ili uione," akasema, akapanda.